Muuaji nimetajiwa na mjomba

Sijawahi kuikasirikia karatasi namna hii. Unasoma riwaya ya upelelezi, umeshamshuku kila mtu hadi wasiohusika, mpelelezi Bwana Msa na kiko chake mdomoni anakaribia kusema nani kamuua Bwana Ali, unafungua ukurasa unaofuata, unajikuta umerudi katikati ya kitabu. Kurasa ulizokwisha kuzisoma! Zimepangwa tena mwishoni, zimenyooka, gundi imekamata sawasawa. Baada ya hapo ni jalada.

Kitabu chenyewe ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Kilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58, kikachapishwa 1960, na nilikuwa nimekiweka kiporo miaka mingi kwa kudhani ni cha wanafunzi. Kumbe raha tupu. Ile Unguja yake unaisikia kwenye mazungumzo: watu wanatupiana vijembe kwa adabu zote, salamu ndefu, na ndani ya salamu hizohizo mtu anaropoka siri. Bwana Msa hana papara. Anauliza vitu ambavyo mimi ningeona ni vya kipuuzi, anavuta kiko, anaacha watu wajikaange kwa mafuta yao wenyewe.

Nakala yangu niliinunua kwa kaka mmoja anayetandaza vitabu chini, Posta, Dar. Jalada linang'aa, unene wa kutosha. Ndiyo, unene umekamilishwa kwa marudio! Nikamrudishia.

"Dada, umekisoma hujakisoma?"

"Nimekisoma, ila mwisho haumo."

"Sasa kama umeshakisoma, hela nikurudishie ya nini? Hapa si maktaba."

Wenzake wakacheka. Nikamfungulia, nikamwonyesha namba za kurasa kwa kidole, moja baada ya nyingine. Akakipindua kitabu, akakitikisa kidogo kana kwamba kurasa zingedondoka humo, akanirudishia. "Waliotoa kopi ndio wenye makosa, mimi nauza tu. Halafu dada'angu, hapo ulipofika mwisho si umeshauotea?"

Nimeuotea! Eti riwaya ya upelelezi niuotee mwisho kama matokeo ya mpira. Na kopi zile za uchochoroni mwandishi wala mchapishaji haoni hata senti, kwa hiyo tumeibiwa wote, yeye kazi yake, mimi mwisho wangu.

Nikampigia mjomba Unguja, yeye alikisoma shuleni na nakala yake anayo. Nilichotaka ni kimoja tu, anipigie picha zile kurasa za mwisho. "Aa, mwanangu, hayo tu? Si alimuua..." Nikapiga kelele, mjomba usiseme! Alishasema. Kisha akacheka mpaka akakohoa, akanipa na sababu yake.

Kwa hasira ile nilitaka kuandika kwamba kitabu hakifai. Sasa nasema kinafaa, tena sana, ila sijui nisemeje juu ya kitabu ambacho sehemu yake tamu kuliko zote nimeisikia kwa simu yenye mkwaruzo. Tatizo ni muuzaji. Na mjomba kidogo.

Nikahamia Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, na hapo niwe mkweli: kama hiki ndicho kingerudiwa kurasa katikati, nisingegundua. Mtu anaitafuta Nagona, njiani humo wamo akina Plato, Nietzsche, Freud na Marx, na kila nikidhani nimeshika uzi unakatika. Ni kijitabu chembamba lakini nilikuwa nasoma ukurasa mmoja na kuuangalia ukuta. Kezilahabi huyuhuyu ndiye aliyeniliza kwa riwaya yake nyingine, Rosa Mistika, nyumba ya Zakaria mlevi niliiona kabisa kama ya jirani. Humu hakuna jirani. Niliichukia Nagona mpaka kama theluthi mbili, halafu sijui ilinipataje, siku hizi nikipika najikuta naiwaza. Usinunue kama unataka hadithi. Au nunua, usome mara mbili, ndipo uje tugombane.

Peponi ya Abdulrazak Gurnah nilikwenda kuinunua dukani, na kabla sijalipa nilipekua namba za kurasa zote mbele ya muuzaji. Alinitazama, hakusema neno. Gurnah aliiandika kwa Kiingereza ikatoka 1994, akapata Nobel 2021, na sisi wenye pwani yetu tukaipata kwa Kiswahili 2022, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis. Inasomeka kama haijapitia lugha nyingine. Mtoto Yusuf, wa miaka kumi na miwili, anawekwa rehani na baba yake kwa tajiri Aziz kufidia deni, naye hajui; anadhani anasafiri. Aziz alikuwa na kawaida ya kumwachia sarafu ya anna kumi kila akija kwao. Sarafu ile ilinikera kitabu kizima. Mtu anampa mtoto peremende huku anamhesabu!

Mwisho wake sitausema, mimi si mjomba. Nilipofika hapo nilifunua ukurasa uliobaki, nikaangalia mshono, nikidhani na hiki kimenyofolewa. Hakijanyofolewa. Nikanuna siku ile nzima, kisha nikamwazima dada yangu bila kumwonya, na jana kaniandikia kwamba zimebaki kurasa chache tu.