Uzoefu wangu na U-Boot: amri niliyoitunga mwenyewe ilivyonimwagia maji mezani

Kazi yetu ni vidhibiti vya vioski vya maji. Mteja anagusisha kadi, valvu inafunguka, pampu inawaka, lita zinahesabiwa, basi. Ndani ya kisanduku kuna bodi ya BeagleBone Black, na ndani ya bodi, kabla Linux haijafumbua macho, kuna U-Boot. Nina karibu miaka 4 nayo. Hapa naongelea kitu kimoja tu, mfumo wake wa amri, maana huo ndio ulionifanya niipende, na huohuo ndio ulionilowesha.

Kwa ambaye hajawahi kuishika: U-Boot ni butiloda, ile programu ndogo inayoamka umeme ukiingia, ikaandaa memori, ikaitafuta kerneli, yaani kiini cha Linux, kwenye kadi au kwenye mtandao, kisha ikaikabidhi usukani na kujitoa. Chomeka kebo ya siriali, weka kasi ya 115200, wahi kubonyeza kitufe kabla hesabu haijafika sifuri, utapata alama ya => na hapo unaamuru. Ni ya bure, leseni ya GPL toleo la 2. Ilianzia kwenye bodi za PowerPC ikiitwa PPCBoot, ikapata jina la sasa mwaka 2002, na Wolfgang Denk wa Ujerumani ndiye aliyeilea miaka mingi.

Nilihitaji amri yangu mwenyewe kwa sababu ya uvivu wa halali. Kila kisanduku kikitoka kufungwa lazima kijaribiwe, na kusubiri Linux nzima iamke ili tu kujua kama rilei, ile swichi ya umeme ya pampu, inagonga ni kupoteza siku. Amri ya gpio, ya kuwasha na kuzima pini za bodi, ipo tayari: ukiandika gpio set 53, taa ya kwanza ya bodi inawaka. Lakini huwezi kumpa kijana wa karakana karatasi ya namba za pini ukategemea atakosea kidogo. Nilitaka aandike "pampu washa 10", asikie pampu ikilia sekunde 10, aandike sawa kwenye daftari, ashike kisanduku kingine.

Nilijiandaa kwa vita. Programu nyingi za namna hii nilizowahi kuchungulia zina faili moja kubwa lenye orodha ya amri zote, na ukitaka kuongeza yako unaingia humo na kupasua. Huku hakuna orodha hiyo. Niliandika pampu.c ndani ya saraka ya cmd, mstari mmoja kwenye Makefile (orodha ya mafaili ya kukompaili), mistari michache kwenye Kconfig (faili la usanidi) ili CMD_PAMPU ionekane kwenye menyu ya kuchagua, nikakompaili. Nilipoandika help, pampu ikawa imekaa kwenye orodha kati ya wenzake kana kwamba imezaliwa humo. Maelezo yake niliyaandika kwa Kiswahili, na mpaka leo ukiandika help pampu bodi inakujibu kwa Kiswahili. Najua ni kitu kidogo, ila nilicheka peke yangu.

Siri iko kwenye makro (kifupi ambacho kompaila hukifungua kuwa msimbo kamili) ya U_BOOT_CMD unayoiweka mwisho wa faili lako. Makro hiyo haimuiti mtu yeyote. Inatengeneza rekodi ndogo yenye jina la amri, idadi ya juu ya maneno, funksheni ya kuitwa na maelezo ya msaada, kisha inaiweka rekodi hiyo kwenye sehemu ya faili iliyobeba jina la amri yako. Linka, programu inayounga vipande vilivyokompailiwa kuwa faili moja, ikija kuunganisha, inazipanga sehemu hizo kwa alfabeti. Alama ya mwanzo wa orodha ina namba 1 katika jina lake, amri zote zina namba 2, alama ya mwisho ina namba 3. Kwa kupanga majina tu, amri zote zinajikuta zimebanwa katikati ya alama mbili, bega kwa bega, na U-Boot ikitafuta amri inatembea kutoka mwanzo hadi mwisho. Na kwa kuwa hakuna msimbo mwingine unaoitaja rekodi yako, linka iliyoagizwa kutupa visivyotumika ingeitupa. Ndiyo maana kwenye skripti ya linka kuna neno KEEP likizilinda. Aliyebuni hili alifikiri. Ukiizima CMD_PAMPU kwenye usanidi, amri inaondoka na mizizi yake, haibaki hata harufu.

Sasa maji.

Siku ya kwanza ya majaribio tuliweka ndoo mezani, mpira wa pampu ndani yake. Niliandika pampu washa 10. Ikajibu kwa kunionyesha matumizi sahihi, kana kwamba nimekosea, na nilichoandika ni hichohicho ilichokuwa inanionyesha. Nusu saa ilipotea hapo. Kumbe idadi ya maneno unayoitaja kwenye makro inahesabu na jina la amri lenyewe. Mimi niliweka 2, "washa" na "10". Ni 3.

Nikarekebisha, nikaandika tena, pampu ikalia. Sekunde 10 zikapita, pampu inaendelea. Kijana tuliyekuwa naye, kwa nia njema kabisa, akadhani bodi imeganda, akabonyeza Enter mara tatu. Mimi nikabonyeza Ctrl-C. Haikusikia. Pampu ikazima, ikawaka tena.

"Kaka, inawaka yenyewe."

"Umegusa nini?"

"Enter tu, nilikuwa naangalia kama iko hai."

Ndoo ilijaa wakati wa mzunguko wa pili. Wa tatu tulikuwa tunainua kompyuta. Wa nne haukufika, nilichomoa waya.

Makosa yalikuwa matatu na yote yangu, na msiba wa kujitakia hauna kilio. La kwanza: kipande cha kusoma namba nilikinakili kutoka kwenye amri ya md, ile ya kusoma memori, na U-Boot husoma namba nyingi kwa heksadesimali, yaani kwa msingi wa 16, hata usipoweka 0x. 10 yangu ilikuwa 16. Mtego huu ni wa kweli hata kwa wasioandika amri: kwenye mmc write, amri ya kuandika kwenye kadi ya memori, namba zote ni heksa, lakini sleep 10, amri ya kusubiri, ni sekunde 10 za kawaida. Kila mwandishi wa amri alijiamulia, hakuna anayekuonya.

La pili: U-Boot inafanya kazi moja kwa wakati mmoja. Hakuna mfumo wa uendeshaji nyuma yake wa kukukatiza. Kama kitanzi chako cha kusubiri hakiulizi chenyewe, kwa funksheni ya ctrlc, kama mtu ameomba kusimama, basi hakuna wa kukuulizia.

La tatu ndilo lililojaza ndoo. Kwenye makro kuna nafasi ya kusema kama amri inarudiwa, 1 au 0. Ukiweka 1, Enter kwenye mstari mtupu inairudia amri iliyopita. Kwa md ni raha: unasoma kipande cha memori, unabonyeza Enter, kinakuja kinachofuata, unatiririka nayo kama unafunua kurasa. Mimi niliiweka 1 kwa sababu mfano niliokuwa naufuata ulikuwa na 1. Zile Enter tatu za kijana hazikupotea wakati pampu inalia. Zilikaa kwenye foleni ya chipu ya siriali, zikasubiri zamu yao kwa adabu, kila moja na sekunde zake 16.

Tangu siku hiyo sheria yetu ni kwamba amri inayosoma tu inaweza kuwa 1. Inayogusa kitu cha nje, 0.

Lalamiko langu lililobaki ni ufupisho. U-Boot inakubali uandike sehemu ya mwanzo ya amri mradi haifanani na nyingine. Watu wengi huandika tftp wakimaanisha tftpboot, amri ya kuvuta faili kutoka kwenye mtandao, na inakubali miaka nenda rudi. Siku ukiwasha amri ya tftpput ili upandishe faili kwenye seva, tftp inakuwa na wenyewe wawili, na U-Boot inakujibu kuwa haiijui. Skripti yako ya kuwasha, ambayo hukuigusa, imekufa. Hili lilinipata saa za jioni, na sikuwaza hata kidogo kwamba kuongeza amri moja kunaweza kuua nyingine. Kwenye skripti andika jina zima.

Wanaotoka kwenye GRUB, butiloda ya kompyuta nyingi za Linux, huniuliza kwa nini amri hizi haziwezi kupakiwa baadaye kama moduli. Swali zuri. GRUB ya sasa ina mafaili ya .mod kwenye diski, unaandika insmod, amri inazaliwa mbele ya macho yako, na ina orodha inayoijulisha amri gani iko kwenye moduli gani, kwa hiyo mara nyingi huhitaji hata kuiita. Inapendeza mpaka siku isipoyaona mafaili hayo. Unabaki na alama ya grub rescue na amri za kuhesabu kwa vidole, ls, set, unset na insmod, na unachotakiwa kufanya ni kuitafuta saraka ya moduli kizani. Na Secure Boot, ulinzi unaokubali programu zilizosainiwa tu wakati wa kuwaka, ikiwashwa, moduli kutoka popote hazipakiwi ovyo, nyingi huishia kufungashwa ndani ya faili moja lililosainiwa, yaani unarudi kulekule kwa U-Boot. Kwa kompyuta ya mezani sina ugomvi na GRUB. Kwa kisanduku kilichofungwa ukutani kwenye kijiji kisicho na fundi, nataka amri zote ziwe ndani au zisiwepo kabisa.

Tahadhari moja kwa anayeanza: mafunzo mengi ya zamani yameandika cmd_tbl_t, jina la aina ya ile rekodi ya amri. Mwaka 2020 jina hilo liliondolewa, sasa ni struct cmd_tbl, kwa hiyo ukinakili mfano wa zamani kompaila itakutukana. Kwa bahati nzuri marekebisho ni ya neno moja moja.

Kwa sasa tuna usanidi wa aina mbili. Wa karakana una pampu, valvu na mita, na hesabu ya sekunde 3 kabla ya kuwaka. Wa kwenda kwa mteja hauna hata moja kati ya hizo, na bootdelay, mpangilio wa hesabu hiyo, ni -2, yaani inawaka moja kwa moja bila kuangalia kama kuna anayebonyeza kitufe. Kijana anajaribu visanduku peke yake siku hizi. Ila ndoo ameihamishia sakafuni.