ddrescue: programu ya kwanza kutumia diski ya nje inapoanza kufa

Diski ya nje ikianza kugoma, wengi hukimbilia programu za kurejesha mafaili zenye madirisha ya kuvutia na kuziachia zikague diski nzima. Mafaili mengi hupotea hapo hapo. Nyingi ya programu hizo zikikuta sekta mbovu (sekta ni kipande kidogo cha diski) huing'ang'ania, na kila jaribio linazidi kukidhoofisha kichwa cha kusomea ambacho tayari ni kibovu. GNU ddrescue, programu huria iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz, huchota kwanza yanayosomeka kwa urahisi, huruka penye shida, kisha huparudia mwishoni. Kwa kazi hii moja hatuoni ya kuizidi.

Lakini kwanza sikiliza diski. Ikigonga tik, tik, tik kwa mpigo ule ule, au ikikwaruza kama chuma juu ya chuma, kuna hitilafu ya kimashine ambayo hakuna programu itakayoitibu. Ichomoe, hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi. Kuna jambo moja tu la kuondoa shaka, nalo ni umeme. Diski ya inchi 2.5 hutegemea umeme wa USB, na tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, kwa hiyo waya mbovu huweza kuifanya igonge vivyo hivyo. Badilisha waya na tundu mara moja. Ikigonga tena, iache. Wala usiitie kwenye friza: unyevu utatanda juu ya sahani, na vichwa huelea nanomita chache tu kutoka hapo.

Windows ikiomba kufomati, kataa. Usiguse chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, pia, kwa sababu hunyoosha mfumo wa faili kwa kuandika kwenye diski ile ile inayokufa.

ddrescue hutumika zaidi kwenye Linux. Asiye nayo awashe kompyuta kwa flashi yenye SystemRescue, ambayo huja nayo tayari. Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi chake kinaitwa gddrescue. Usikichanganye na dd_rescue, ambayo ni programu nyingine kabisa. Andaa diski ya pili yenye nafasi tupu inayozidi ukubwa wote wa ile mbovu, hata kama nusu yake haikutumika. Isiwe imefomatiwa kwa FAT32, kwani haibebi faili linalofikia GiB 4.

Tambua diski kwa amri lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL, usii-mount (yaani usiifungue ili mafaili yake yaonekane), kisha anza. Katika mfano huu /dev/sdb ni diski mbovu, na /mnt/akiba ni folda ya diski ya pili:

ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map

Hapo -d husoma diski moja kwa moja bila kupitia kumbukumbu ya muda ya kernel (kiini cha Linux), na -n huahirisha kukwangua sekta moja moja. Faili la tatu, yaani ramani, ndilo roho ya programu. Ni maandishi ya kawaida: + ni eneo lililookolewa, ? halijaguswa, - ni sekta mbovu. Umeme ukikatika, rudia amri ile ile na kazi itaendelea ilipoishia. Ukisahau kuandika ramani utaanza upya, na huenda diski isistahimili safari ya pili.

Raundi ya kwanza ikiisha, rudia amri ukiondoa -n na kuweka -r3, ili sekta zilizogoma zijaribiwe tena mara tatu. Kama kasi ilishuka vibaya kutokea upande wa mwanzo, ongeza -R isome kutoka mwisho kurudi nyuma. Subira inahitajika: TB 1 kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde huchukua karibu saa 3, lakini kwa MB 1 kwa sekunde ni siku 11 na nusu.

Kasoro zake si ndogo. Chanzo hutangulia, pa kuandikia hufuata. Ukivigeuza unaweza kufuta ulichotaka kuokoa. Programu hukataa kuandika juu ya diski bila -f, basi ukiwa unaandika kwenye faili usiitie kamwe. Shida nyingine ni USB yenyewe. Saketi ya kasha hukwama kwenye sekta mbovu, diski inapotea, kisha inarudi kwa jina la sdc. Ukiona makosa yanaruka kwa maelfu huku kasi ikiwa sifuri, bonyeza Ctrl+C upesi. Tumia jina la kwenye /dev/disk/by-id, maana halibadiliki.

Kuitoa diski kwenye kasha na kuiunga kwa SATA, tundu la diski za ndani ya kompyuta, huondoa usumbufu huo, ila kagua kwanza. Baadhi ya diski ndogo za WD zina tundu la USB lililochomelewa kwenye bodi yenyewe, na baadhi ya saketi za makasha husimba data hata kama hukuweka nywila. Hizo ukizisoma nje ya kasha utapata vurugu tupu.

Nakala ikikamilika, weka diski mbovu kando na ufanye kazi juu ya diski.img pekee. Programu ya TestDisk hujenga upya jedwali la pateshen, yaani migawanyo ya diski. Programu ya PhotoRec iwe ya mwisho, kwa sababu inarudisha picha na nyaraka bila majina wala folda zake.

Hila moja inastahili kujulikana zaidi: ddrescue inaweza kukuonyesha mafaili yaliyoumia. Nakili kwanza diski.img iwe nakala.img, kisha juu ya nakala hiyo:

printf "SEKTA-MBOVU " > alama
ddrescue --fill-mode=- alama nakala.img diski.map

Sekta zote zilizoshindikana hujazwa maneno hayo. Ifungue nakala kwa losetup -r -P -f --show nakala.img, i-mount pateshen yake kwa -o ro (kusoma tu), halafu grep -rl "SEKTA-MBOVU" kwenye folda hiyo itakutajia kila faili lenye kidonda.