Tathmini ya shule ya mieleka ya Killer Kowalski

Shule ya mieleka ya kulipwa hupimwa kwanza kwa mtu anayesimama ulingoni kufundisha, kwa kuwa majengo na vifaa vyake hufanana karibu kila mahali: mbao zilizolazwa juu ya vyuma, godoro jembamba, turubai na kamba tatu. Walter “Killer” Kowalski, mwanamieleka aliyefungua shule yake mjini Salem, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, baada ya kustaafu mwaka 1977, alikuwa na takriban miaka 30 ya kazi hiyo mwilini mwake. Alizaliwa mwaka 1926 huko Windsor, Kanada, katika familia yenye asili ya Poland, na inasemekana alikusudia kuwa mhandisi wa umeme kabla ya kimo chake, kilichokaribia mita mbili, kumpeleka ulingoni.

Tukio lililomjengea jina ndilo ninaloliona kuwa ufunguo wa shule yake. Mwaka 1952, mjini Montreal, aliruka kutoka kamba ya juu akikusudia kumshukia mpinzani wake, Yukon Eric, kwa goti. Kipimo kikakosewa kidogo, na sikio la mwenzake, lililokuwa limeshavimba na kukakamaa kwa mapigo ya miaka mingi, likanyofoka. Kowalski alipokwenda kumjulia hali hospitalini akacheka kwa jinsi bandeji zilivyomviringa kichwa, kicheko hicho kikafika magazetini, na tangu hapo watazamaji wakamchukia kwa moyo wote. (Mtu huyo waliyemwona mnyama, kwa miaka mingi hakula nyama.)

Mwalimu wa namna hiyo hahitaji kuambiwa kwamba baina ya pigo linaloonekana kuua na pigo linalojeruhi kweli kuna nafasi ya vidole viwili tu. Matokeo ya pambano hupangwa, lakini sakafu haijui hivyo. Ndiyo maana mwanafunzi wa mieleka huanza kwa kuanguka, tena na tena, kidevu kikiwa kimebanwa kifuani, pumzi ikitolewa, na mgongo wa juu pamoja na mikono vikitua kwa wakati mmoja ili uzito usambae. Baadaye hujifunza kukimbilia kamba, ambazo huacha michubuko mbavuni, na kumkaba mwenzake upande wa kushoto, kama ilivyo desturi ya Amerika Kaskazini, ili hata watu wasiowahi kukutana waelewane bila kunong'onezana.

Kuhusu matunda, shule hii haina sababu ya kuona haya. Triple H, aliyekuja kuwa nyota wa mieleka nchini Marekani, alianzia hapo, na vilevile mwanamieleka Perry Saturn. Kwa maoni yangu, hata hivyo, sifa kubwa zaidi ni ya Chyna, kwa sababu kumfundisha mwanamke kupambana na wanaume haikuwa biashara yenye soko la uhakika. Mwaka 1999 akawa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa Intercontinental, mmoja wa mataji makubwa ya kampuni ya mieleka ya Marekani, WWF. Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, naye alipita mikononi mwa mzee huyo.

Kasoro ipo, nayo si ndogo. Huduma yote ilisimama juu ya mtu mmoja aliyekuwa akizeeka: Triple H alipoanza mazoezi mapema miaka ya 1990, mwalimu wake alikuwa tayari amekaribia au kuvuka umri wa miaka 65, na mtu wa umri huo anaweza kusahihisha kwa jicho na kwa ulimi, lakini hawezi kubebwa na kutupwa chini kutwa nzima na vijana wanaojifunza. Aliyetaka kuona kila mtupo ukifanywa na mwalimu mwenyewe angefaa kutafuta kocha kijana zaidi. Aliyetaka kurekebishwa mahali pa kuweka goti asingepata jicho kali kuliko lile. Kowalski alifariki mwezi Agosti mwaka 2008, akiwa na miaka 81.