Katuni sita, shilingi 600 na mwanangu wa miaka tisa: uzoefu wangu

Nakaa Kisauni, Mombasa, upande wa Mtopanga. Anayekujua huku hahitaji maelezo. Asiyekujua, Desemba 2016 serikali ya Kenya ilipochapisha orodha ya magenge karibu 90 yaliyopigwa marufuku, Wakali Wao na Wakali Kwanza walikuwemo, na sisi majina hayo tulishayasoma kutani zamani. Siku hizi ukisikia vijana wa panga wameshikwa, kuna ambao hata ndevu hazijaota. Kwa hiyo nilipokuta kwenye meza ya vitabu pale Kongowea seti ya katuni za kuwafundisha watoto kujiepusha na magenge, sikufikiri mara mbili. Vitabu sita, shilingi 600. Waliozitoa sitawataja, maana kuna mahali nitawalaumu.

Niseme kwanza kilichonifanya nisijutie pesa yangu.

Kitabu cha kwanza hakina panga wala damu. Kuna mtoto wa gredi ya nne na kaka mmoja wa maskani. Kaka anamtuma sigara, chenji anamwachia. Kesho anamtuma tena, anamnunulia viazi karai. Kitabu cha pili, mtoto anaambiwa asimame kwenye kona, akiona gari la polisi apige mluzi. Cha tatu anapewa mfuko apeleke mahali, asiufungue. Hakuna popote anapoulizwa, "Wataka kuingia kwenye genge?" Anatumwa tu. Na mtoto wa Kiswahili amelelewa akijua kuwa mkubwa akikutuma unakwenda, ukikataa umekosa adabu. Aliyeandika hadithi hii, nampa heko, hilo amelijua.

Usiku mmoja stima zilikuwa zimepotea, mwanangu amelala kifudifudi mkekani anasoma kwa tochi ya simu yangu. Akafika pale penye mluzi, akanyamaza. Kisha bila kuinua uso akaniambia:

"Mama, mimi pia nishatumwa hivi."

"Kutumwa nini, baba?"

"Kuangalia karao. Nikapewa ishirini."

Moyo ulinipiga paa. Nilikuwa na maswali mia: nani, wapi, lini, na mkono ulikuwa unaniwasha. Lakini nikajikaza, nikamwambia fungua ukurasa wa pili tuone mwenzio alifanyaje. Tukasoma. Yaliyobaki aliyatoa mwenyewe taratibu, kidogo usiku ule na kidogo kesho yake akinisaidia kukanda mahamri. Ilikuwa mara mbili tu, njiani akitoka madrasa. Nikazungumza na ustadh na jirani yangu mwenye binti wa rika lake, na sasa watoto wanarudi kwa kundi, wanapita njia ya barabarani. Shilingi 600 zililipa hapo, hata vile vingine vitano vingekuwa karatasi tupu.

Na vingine kweli vina walakini.

Mchoraji ana mkono mzuri, nadhani mzuri kupita kiasi. Yule kaka wa maskani amechorwa akaiva: cheni shingoni, miwani, raba nyeupe za soli nene, ameegemea bodaboda kama ya harusi. Shujaa wetu masikini ana shati lililokatika kifungo na yuko miguu mitupu. Siku moja nikafungua daftari la hesabu la mwanangu, nikakuta kurasa tatu zimejaa kaka wa maskani, raba zake zimepakwa rangi kwa ustadi kabisa. Nikamuuliza mbona hakumchora yule mtoto. Akanitazama kama nimeuliza upuuzi.

"Huyo hapendezi, mama. Hana hata viatu."

Kitabu cha sita ndicho kibaya zaidi, na nahisi waliokitoa ndicho wanachojivunia. Kijana anakimbizwa na watu wenye mawe, anakufa mtaroni, halafu zinafuata kurasa mbili za polisi mwenye kitambi akihutubia darasa. Hotuba hizo hakuna mtoto aliyezisoma, nimewapeleleza. Kifo walikisoma, lakini walichokiokota si kile kilichotupwa. Mwanangu alinieleza kwa utulivu kwamba yule hakufa kwa sababu ya genge, alikufa kwa sababu hajui kukimbia: angekata kushoto kwenye kichochoro wasingempata. Ukimtishia mtoto wa miaka tisa kwa mauti, yeye anatafuta njia ya kuikwepa, kama mchezo wa simu.

Halafu hadithi ni ya Nairobi tupu. Mabati ya mlimani, sukuma kila chakula, polisi wanaitwa "sanse" mpaka mwanangu akauliza kama hilo ni jina la mtu. Wali wa nazi hata kwa bahati mbaya haumo. Si kosa kubwa, ila mtoto akiona kwao, husogea karibu zaidi.

Mpwa wangu wa miaka 15 nilimpa ajaribu, akacheka, akarudisha siku hiyohiyo. Wa rika lake wana Shujaaz, katuni ya vijana iliyoanza 2010 ikitolewa bure ndani ya gazeti na kwa mawakala wa M-Pesa, kwa Sheng, na mimi mwenyewe niliisoma. Naikumbuka hadi leo ile hadithi ya kupaka vifaranga rangi ili mwewe asiwachukue. Pale kijana alipewa kitu cha kufanya kesho asubuhi. Hizi sita zinamwambia mtoto akatae, basi. Akishakataa ashinde wapi, na nani, hazisemi. Mtoto anayekataa kutumwa na kaka wa maskani jioni bado yuko barabarani, bado ana njaa ya viazi karai.

Upande wa vitabu vyenyewe: karatasi nyepesi, pini zilichomoka wiki ya pili, nikashona kwa uzi wa nguo. Herufi za kwenye viputo ni ndogo, tochi ya simu haitoshi kwa macho yangu ya uzee. Rangi haitoki hata mtoto akishika kwa mikono ya mafuta, hilo limejaribiwa.

Ningenunua tena? Vitabu vitatu vya kwanza, ndiyo, kwa mtoto wa miaka minane hadi kumi na mmoja, na mkubwa awe amekaa ubavuni. Cha sita nimekificha juu ya kabati. Vile vingine vimezunguka nyumba saba hivi, vikirudi na alama za vikombe vya chai na masharubu aliyochorewa yule polisi. Cha pili hakijarudi tangu mwezi wa Ramadhani. Aliye nacho hapo Mtopanga akilete, mwanangu anakidai kila siku.