Kalamu ya pH na karatasi za naitreti: miezi mitano Ziwa Kenyatta

Seti hii niliagiza duka moja la Mombasa, shilingi 3,200, ikafika Mpeketoni kwa basi. Ndani mna kalamu ya kupimia pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi kwenye maji; 7 ni katikati), vipakiti vitatu vya unga wa kuisetia isome sawa, na chupa ya karatasi hamsini za kupimia naitreti, chumvi kama zile za mbolea. Tangu ziwa letu likauke kwenye ukame ule wa 2017, viboko wakafia topeni, sisi wavuvi wachache tulisema hatungoji tena samaki waelee ndipo tujue maji yana shida.

Kalamu siku ya kwanza ilisoma 9.9. Nikashtuka. Nikaitia kwenye maji ya mtungi nyumbani: 9.6! Kumbe lazima uiseti kwanza. Kila kipakiti kinakorogwa kwa mililita 250 za maji ya betri, yale safi, si yale ya asidi. Ukichukua ya kisima umejipunja. Tangu hapo hainidanganyi. Saa kumi na mbili asubuhi, penye magugu, 7.4. Saa tisa alasiri, papo hapo, 8.6. Nilidhani imeharibika tena, lakini ndivyo maji yalivyo: jua likiwaka, mimea hunyonya kabonidioksidi na pH hupanda, usiku hushuka. Kwa hiyo andika na saa uliyopima. Na ncha isikauke, itakufa.

Karatasi ni hasara tupu. Kifuniko hakishiki, na mwezi wa pili zote zilikuwa zimegeuka waridi kabla ya kuonja maji. Nikampigia muuzaji. "Mzee, ungeziweka pakavu." Pakavu, Lamu, mwezi wa Mei!

Tena boksi limechorwa samaki, ilhali hamna cha kupimia oksijeni. Samaki hutwetea juu alfajiri, oksijeni ikiwa chini kabisa, na hapo kalamu haina la kukwambia.

Kinachonisaidia zaidi sikukinunua, nacho ni cha kupimia uangavu wa maji: kifuniko cha ndoo cha sentimita 20, robo nyeusi robo nyeupe, kimefungwa jiwe na kamba yenye fundo kila sentimita 10. Nakishusha nikiwa mtumbwini (kiboko akiwa mbali, tafadhali) hadi kipotee machoni, nahesabu mafundo; yakiwa machache, maji yamechafuka. Kabla ya masika sita, baada ya mvua mawili.

Nyota tatu, zote za kalamu. Muuzaji akikubali kukuuzia hiyo peke yake, chukua.