Zoom R16 na kidumbak chetu: jinsi nilivyochagua mashine ya kurekodia nyumbani

Napiga fidla kwenye kikundi cha kidumbak, taarabu ya mtaani ya kuchezea harusini, hapa Ng'ambo, Unguja. Tuko sita: fidla, sanduku (besi ya kamba), vidumbaki (ngoma ndogo), cherewa (manyanga), mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na mwimbaji. Kwa miaka mingi tumepigia harusi na watu wakaturekodi kwa simu. Ukisikiliza baadaye unasikia cherewa na vigelegele, sanduku halipo kabisa. Nikaamua turekodi wenyewe, nyumbani kwangu, sauti ya kila mmoja ikae mbali na ya mwenzake.

Tulianza na laptopu na kisanduku cha kuingizia sauti chenye matundu mawili. Mpango ulikuwa turekodi mmoja mmoja: vidumbaki kwanza, kisha sanduku, kisha mimi, mwimbaji mwisho. Tukaweka metronomu, yaani mlio wa kuhesabu mapigo, kwenye hedifoni ili tusipishane. Ilishindikana usiku uleule. Kidumbak hupigwa nyimbo zikiungana, moja ikizaa nyingine, na mwendo unapanda kadiri ngoma inavyokolea. Mpiga vidumbaki ananitazama mkono wangu wa upinde, mimi namsikiliza mwimbaji, mwimbaji anaangalia wachezaji. Metronomu ilituua. Mpiga vidumbaki wetu alivua hedifoni akasema hawezi kumpigia mtu ambaye hayupo. Alikuwa na haki.

Ndipo nikaanza kutafuta mashine ya kurekodia ya traki nyingi, yaani njia za sauti zinazohifadhiwa kila moja peke yake, inayojitegemea bila kompyuta. Niliyoipenda kwa macho ilikuwa Tascam DP-008EX. Inaingia kwenye mkoba, inatumia betri nne za AA, na ina traki 8. Lakini soma vizuri: inarekodi traki 2 tu kwa wakati mmoja. Hizo nane unazijaza kidogo kidogo, unarekodi hii, unairudia, unaongeza ile. Kwa mtu anayeimba na gitaa lake peke yake chumbani, hiyo inamtosha sana. Kwa sisi ingekuwa kurudi kulekule kwa metronomu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mashine ina traki ngapi, uliza inapokea watu wangapi wakipiga pamoja. Ni namba mbili tofauti, na ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi mara nyingi ni ya kwanza. Sisi tulihitaji maiki saba: mbili kwa vidumbaki, moja moja kwa sanduku, fidla na mwimbaji, moja ya cherewa, moja ya mkwasa.

Zilibaki mbili. Tascam DP-24SD inapokea 8 kwa pamoja, ina traki 24 na skrini ya rangi, ila inategemea umeme wa ukutani tu. Zoom R16, iliyotoka 2009, nayo inapokea 8 kwa pamoja, ina traki 16, na inakubali betri sita za AA. Anayeishi mtaani kwetu atanielewa kwa nini niliishia hapo. Umeme ukikatika dakika ya 20 ya wimbo ambao hautarudiwa vilevile, skrini ya rangi haikusaidii. Niliipata mtumba, shilingi laki tano na nusu, kwa mpiga gitaa wa hotelini Nungwi.

Sasa ninayo kwa mwaka na nusu. Ninachokipenda zaidi ni kwamba kila chaneli ina kitelezi chake na kitufe chake. Nakaa na fidla mapajani, nanyoosha mkono, napunguza cherewa, naendelea. Hakuna kipanya, hakuna feni ya laptopu inayovuma ndani ya maiki. Tukimaliza, nachomeka waya wa USB na kila traki inatoka kama faili la WAV. Kumiksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti, nafanya kwenye kompyuta, kwa utulivu, siku nyingine.

Jambo la kujua kabla ya kununua: fantomu, yaani zile volti 48 zinazohitajiwa na maiki za kondensa, ipo kwenye chaneli ya 5 na ya 6 tu. Basi maiki zetu mbili za kondensa ziko huko, moja ya fidla na moja ya mwimbaji. Wengine wote wanatumia maiki za dainamiki, zisizohitaji umeme huo, na kwa ngoma hizo ndizo nzuri zaidi: Shure SM57 mbele ya kidumbaki hailalamiki hata kikipigwa kwa nguvu. Fantomu ikiwaka betri zinaisha upesi, kwa hiyo nina seti mbili za kuchaji, moja ndani na moja mfukoni.

Kadi ya kumbukumbu nayo iangalie. R16 inachukua SD mpaka GB 32. Nilinunua ya bei poa kwenye duka la simu, imeandikwa 32, kumbe ndani si 32. Tulipoteza nusu ya usiku mzima, pamoja na wimbo ambao mwimbaji wetu aliutunga kwa ajili ya harusi ya bintiye. Uliniuma mno. Sasa kadi mpya naijaza mafaili yoyote mpaka pomoni kwenye kompyuta, nayafungua yote, ndipo naiamini.

Sanduku ndilo lililotusumbua kuliko vyote. Ukiweka maiki mbele ya kamba unapata mlio wa kidole tu. Tuliliinua kidogo kwa vipande viwili vya mbao, maiki ikaingizwa chini karibu na uwazi, geini (kiwango cha sauti inayoingia) ikashushwa mpaka taa nyekundu isiwake hata anapovuta kwa nguvu zote. Sauti ikishapasuka wakati wa kurekodi, hakuna kumiksi kutakakoirudisha. Cherewa tumempeleka mlangoni, nyuma ya godoro lililosimamishwa, maana alikuwa anaingia kwenye maiki ya kila mtu.

Tunarekodi baada ya Isha, feni imezimwa, madirisha yamezibwa kwa mazulia. Masika hatujaribu kabisa, mvua kwenye bati inashinda kila maiki. Wiki iliyopita tulipiga dakika 34 bila kusimama, nyimbo tano zimeungana. Dakika ya 19 taa zikazima nyumba nzima. Kwenye rekodi unasikia mtu akisema "endeleeni", kisha vidumbaki vinapandisha mwendo, na sanduku lipo, wazi kabisa, chini ya kila kitu.