Uzoefu wangu na hela za GST Kanada: ndogo, lakini haziombwi kwa magoti

Niseme mapema: hii pesa haitakutoa kimaisha. Kama unatafuta msaada wa kulipia nyumba, siyo hii. Ila katika mambo yote ya serikali niliyopambana nayo tangu tuhamie Kanada, marejesho ya GST ndiyo yaliyonisumbua kidogo kuliko yote, na bado naona wenzetu wengi wanayakosa bure.

Kwa asiyejua, GST ni kodi ya mauzo ya serikali kuu. Ilianza mwaka 1991 na sasa ni asilimia 5. Hapa Ontario imeunganishwa na ya jimbo, ikaitwa HST, jumla asilimia 13. Kodi ya namna hii haimwangalii mtu usoni: mwenye jumba na anayelifagia wanalipa sawa wakinunua sabuni. Kwa hiyo wenye kipato kidogo wanarudishiwa kiasi fulani mara nne kwa mwaka, Julai, Oktoba, Januari na Aprili, kawaida tarehe 5. Pesa hiyo haikatwi kodi, na hakuna anayekuuliza umeitumiaje.

Viwango vya mzunguko wa Julai 2025 hadi Juni 2026 ni hivi: asiye na mwenza anapata hadi dola 533 kwa mwaka, mke na mume hadi 698, na kila mtoto wa chini ya miaka 19 anaongeza hadi 184. Sisi tuna watoto wawili, kwa hiyo juu kabisa ni dola 1,066, yaani 266.50 kila awamu. Awamu ya Oktoba kwetu inaishia kwenye buti na makoti ya baridi, wala hatujadiliani. Vyakula vya kawaida vya kupika nyumbani havina kodi hii, lakini mavazi yanayo. Ukiangalia risiti yetu utaona buti za watoto zimetozwa asilimia 5 tu, kwa sababu jimbo linasamehe sehemu yake kwa nguo na viatu vya watoto. Zangu zimepigwa 13 kamili.

Nilichokipenda zaidi ni jinsi inavyopungua. Hakuna mstari ambao ukiuvuka kwa dola moja unapoteza kila kitu. Kwa mzunguko huo wa 2025 hadi 2026, pato la familia likizidi dola 45,000 na ushei, wanapunguza senti tano kwa kila dola ya ziada. Mke wangu alikuwa anakataa zamu za nyongeza akihofia kwamba "wataona tumetajirika". Tukakaa na kalamu: dola mia ikiongezeka, kwenye GST unapoteza tano. Akachukua zamu. (Posho ya watoto nayo hupungua, kwa hesabu yake yenyewe, hiyo ni habari nyingine.)

Kuingia kwenye mfumo ndipo penye kazi. Mgeni asiye na watoto anajaza fomu RC151. Mwenye watoto anajaza RC66, ile ya posho ya watoto, nayo inabeba na GST. Wengi wanakwama kwenye sehemu moja: fomu inataka ueleze ulipata kiasi gani kabla ya kuwa mkazi wa Kanada, kwa dola za Kanada. Sasa mtu aliyekuwa anauza duka kwao, leo kapata, kesho hakupata, aandike nini? Mimi nilikuwa na hati za mshahara, ilikuwa rahisi kubadilisha na kujumlisha. Jirani yangu aliyekuwa mkulima aliketi na mtu wa kujitolea, wakakadiria mavuno kwa uaminifu, ikapita. Ukiacha wazi, jiandae kwa barua ya kuulizwa.

Baada ya hapo huombi tena. Unachotakiwa ni kuwasilisha ritani ya kodi kila mwaka, mwisho kwa wengi wetu ni tarehe 30 Aprili. Hata kama hukuingiza kitu! Binamu yangu alikuwa chuoni, hana mshahara, akaona kodi ni mambo ya wafanyakazi. Kumbe hata asiye na kipato anastahili kulipwa, lakini bila ritani serikali haina cha kupigia hesabu.

Faida ya kuwa ndani niliiona Julai 2023, walipotoa nyongeza ya mara moja ya kusaidia bei za vyakula. Familia kama yetu ilistahili hadi dola 467, nayo ikaja kwa njia ileile ya GST. Hatukujaza fomu yoyote.

Msilipe hela za bure kwenye hili. Kuna ofisi moja ambako watu wetu hupelekana, inatoza ada ya "kukuombea GST", juu ya ada ya ritani. Ni fomu tu! Kuna mpango wa watu wa kujitolea unaosimamiwa na CRA, yaani mamlaka ya kodi, wanaojaza ritani za wenye kipato kidogo bila malipo, hasa Machi na Aprili, kwenye maktaba na vituo vya jamii. Nenda na karatasi zako zote za T4, zile za mwajiri zinazoonyesha mshahara na makato yako ya mwaka, na uvumilivu wa foleni. Aliyetuhudumia alikuwa mama mstaafu, hana haraka, aliuliza maswali ambayo ile ofisi ya kulipia haikuwahi kuuliza.

Kasoro kubwa ni kwamba hesabu inatazama nyuma. Malipo ya Julai hadi Juni yanafuata kipato cha mwaka wa kalenda uliotangulia. Ghala ninalofanyia kazi lilipopunguza saa wakati wa kiangazi, malipo yetu hayakusogea hata senti. Njaa ya mwaka huu inahesabiwa Julai ya mwakani. Kwa jambo linaloitwa nafuu ya maisha, hapo naona walikosea, na kwa hilo nawapa nyota nne badala ya tano.

Jingine, wanandoa wanalipwa mmoja tu, yule ambaye ritani yake imepitiwa kwanza. Kwetu ikaangukia kwa mke wangu, na maoni yangu juu ya hilo nabaki nayo. Ila mkitengana, toeni taarifa siku 90 zikishapita, na mkihama, badilisheni anwani. Ukilipwa zaidi ya haki yako, wataidai, na wanaweza kuikata kwenye malipo yanayofuata.

Halafu kuna zile meseji za simu: "Una marejesho ya GST, bonyeza hapa upokee." Usibonyeze. CRA inalipa kwa kuingiza benki moja kwa moja au kwa hundi ya posta, basi.